Kura hamsini za Orange na kiti kilicho wazi cha Bondeni

Tangu mjumbe wetu wa Bondeni ajiuzulu na kwenda kukaa kwenye bodi ya Chama Kikuu, sisi wa gazeti hili la ukutani tumesikia maneno mengi. Tumeyasikia kwenye mzani, tumeyasikia kisimani, tumeyasikia kwenye mashine ya kusaga. Wengi mnasema: "Uchaguzi mdogo wa nini? Kiti kimoja tu. Bodi ina watu tisa, wanane bado wapo, huyo mmoja atafanya nini?" Wengine mnasema afadhali bodi imteue mtu yeyote akalie hicho kiti mpaka Mkutano Mkuu, maana siku ya kura ni siku ya kazi na kahawa haingoji mtu.

Sisi hatukubaliani na maneno hayo, na tutasema kwa nini. Lakini tukianza na Bondeni tutagombana kabla hatujafika popote, kwa sababu wengine wenu ni shemeji wa huyu na wengine ni jirani wa yule. Basi leo tunawapeleka mbali kidogo, kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu anayewadai wala kudaiwa nao. Tunawapeleka Australia. Kisha tutarudi hapa hapa kwenye ghala letu.

Australia ina majimbo sita. Kila jimbo lina bunge lake na serikali yake yenye Waziri Mkuu wake, mbali na bunge la nchi nzima. Jimbo lenye watu wengi kuliko yote linaitwa New South Wales, na mji wake mkuu ni Sydney. Katika bunge la jimbo hilo, nyumba ile ambayo serikali hutokea ina viti 93. Kimoja kati ya hivyo ni kiti cha Orange.

Orange ni mji wa bara, kiasi cha kilometa 250 magharibi ya Sydney, ng'ambo ya milima. Jina lisiwadanganye. Hapakuitwa hivyo kwa sababu ya machungwa, paliitwa kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Ulaya aliyeitwa hivyo. Machungwa hayastawi pale, kuna baridi. Wanalima matufaha, yale wanayoyaita epo mjini, na zabibu. Ukiendelea mbele kuna miji ya Parkes na Forbes ambayo pia humo katika kiti hicho, na huko ni ngano na kondoo. Kwa kifupi ni watu wa shamba kama sisi, ingawa mashamba yao ni makubwa na wana matrekta.

Watu hao walikuwa na chama chao. Zamani kiliitwa chama cha mashambani, siku hizi kinaitwa Nationals. Kilikichukua kiti cha Orange mwaka 1947 na hakikukiachia tena. Hesabuni wenyewe: mpaka mwaka 2016 ni miaka 69. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa babu, na hajawahi kuona mbunge wa chama kingine pale. Mahali kama hapo wagombea wengine hujiandikisha kwa ajili ya kutimiza desturi tu. Mbunge wa mwisho wa mfululizo huo, Ndugu Andrew Gee, alishinda mwaka 2011, na mwaka 2015 akashinda tena kwa wingi mkubwa mno.

Mwaka 2016 Ndugu Gee akajiuzulu. Hakufukuzwa wala hakuiba. Kiti cha bunge la nchi nzima cha eneo hilo, kinachoitwa Calare, kilikuwa kinaachwa na mzee aliyestaafu, naye akaona akigombee. Akagombea, akashinda mwezi Julai. Basi kiti chake cha jimbo kikawa wazi, ikabidi pafanyike uchaguzi mdogo. Si mnaona? Ni kama mjumbe wetu wa Bondeni kabisa: kaondoka kwenda chombo kikubwa zaidi.

Hapa tuseme neno moja pembeni. Wako watu wanaomtukana mjumbe wetu, ati katuacha njiani. Sisi hatumtukani. Mtu aliyetumwa akaona kazi kubwa zaidi anaweza kwenda, mradi aseme wazi na arudishe kiti kwa wenyewe. Kiti si mali yake aende nacho, wala si mali ya hao anaowaacha nyuma yake ofisini. Kosa lingekuwa kukaa kimya na kushika viti viwili. Hilo hakulifanya, na tunamshukuru.

Sasa turudi Orange. Kwa kawaida chama kile kingeshinda tena mtu akiwa amelala. Lakini mwaka ule serikali ya jimbo ilikuwa imefanya mambo mawili ambayo watu wa mashambani hawakuyapenda.

La kwanza ni halmashauri. Serikali ya Waziri Mkuu Mike Baird iliamua kuziunganisha halmashauri ndogo ziwe kubwa. Mwezi Mei mwaka 2016 ilitangaza halmashauri mpya 19 kwa mkupuo mmoja, madiwani wa zile za zamani wakaondolewa, wakawekwa wasimamizi. Nyingine zilikuwa bado kwenye foleni, na miongoni mwa hizo ni mpango wa kuunganisha Orange, Cabonne na Blayney. Cabonne ni vijiji vya mashamba vinavyouzunguka mji. Hawakutaka. Walisema: tukimezwa na mji, nani atakumbuka barabara ya huku kwetu? Wakaenda mahakamani. Serikali ikawajibu kwa hesabu: halmashauri kubwa ina gharama ndogo. Pengine hesabu zilikuwa sawa, sisi hatubishi. Lakini mtu anayeambiwa hesabu wakati yeye anauliza habari ya barabara huona kwamba hakusikilizwa.

La pili ni mbwa. Mtacheka, lakini msicheke haraka. Huko kuna mashindano ya mbio za mbwa, wale mbwa wembamba wenye miguu mirefu, na watu huweka kamari. Katika miji midogo ya bara ni mchezo wa watu wa kawaida. Fundi, dereva na mzee mstaafu huwa na mbwa wawili watatu uani. Mwaka 2015 televisheni ilionyesha wafugaji wengine wakiwafundisha mbwa kwa kutumia wanyama wadogo walio hai. Ukatili mtupu. Serikali ikaunda tume chini ya jaji mstaafu, Michael McHugh. Tume ikakuta kwamba katika miaka 12 mbwa kati ya 48,000 na 68,000 hivi waliuawa kwa sababu tu hawakuwa na mbio za kutosha. Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu akatangaza kwamba mchezo huo utapigwa marufuku kabisa kuanzia tarehe 1 Julai 2017. Mwezi Agosti sheria ikapita bungeni.

Tunasema wazi, katika jambo la mbwa serikali haikuwa na kosa la kuchukia ukatili. Mwenye kumtesa mnyama akatazwe, hata dini zetu zinasema hivyo. Kosa lilikuwa mahali pengine. Yule aliyekuwa akifuga mbwa wake vizuri, akimlisha kabla hajala yeye, aliamka asubuhi akasikia redioni kwamba yeye na mkatili wamewekwa kapu moja. Hakuna aliyemwuliza neno. Na jambo lililowauma zaidi ni kwamba chama chao wenyewe, cha watu wa mashambani, kilikuwa ndani ya serikali ile na kilikubali. Kiongozi wake, Ndugu Troy Grant, alikuwa Naibu Waziri Mkuu na pia waziri mwenye dhamana ya michezo hiyo ya mbio. Watu wakasema: tumemtuma mtu wetu Sydney aseme ya kwetu, kumbe anarudi kutuambia ya Sydney.

Uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 12 Novemba 2016. Serikali ilipoona upepo umegeuka, tarehe 11 Oktoba ikatangaza kwamba marufuku ya mbwa imefutwa. Mwezi mmoja kabla ya kura! Sisi tunaona hapo ndipo walipojiharibia zaidi. Aliyependa marufuku alikasirika kwa sababu imefutwa, na aliyeichukia alijua imefutwa kwa kuogopa kura tu. Ukimrudishia mtu mbuzi wake siku ya kesi, hakushukuru, anahesabu siku ulizomkamua.

Basi kura zikapigwa. Na hapa lazima tueleze wanavyopiga kura, maana bila hivyo hamtaelewa hizi kura hamsini. Huko hawaweki alama moja tu. Mpiga kura anaandika namba 1 kwa anayempenda kuliko wote. Akitaka anaandika 2 kwa anayemfuata, na 3, na kuendelea. Kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, yule wa mwisho kabisa anatolewa, na karatasi zake zinagawiwa kwa kufuata namba 2 zilizoandikwa. Wanaendelea hivyo mpaka wabaki wawili. Aliyeandika 1 tu akaishia hapo, mtu wake akitolewa, karatasi yake inawekwa kando, haihesabiwi tena. Katika jimbo hilo kuandika zaidi ya 1 ni hiari ya mtu.

Katika hesabu ya kwanza mgombea wa Nationals, Ndugu Scott Barrett, aliongoza. Lakini kuongoza kwenyewe kulikuwa kwa aibu: kati ya kila watu mia waliokuwa wakikipigia chama chake zamani, karibu nusu walikuwa wamehama. Nyuma yake alikuwa Ndugu Philip Donato, mwendesha mashtaka wa polisi pale pale Orange, wa chama kidogo cha wawindaji, wavuvi na wakulima ambacho hakijawahi kupata kiti hata kimoja katika nyumba ile ya bunge. Wa tatu alikuwa wa chama cha Labor, chama cha wafanyakazi. Wa tatu alipotolewa, karatasi zake zikafunguliwa. Wengi walikuwa wameandika 2 kwa Donato. Mwanya ukaanza kuzibika, ukazibika, ukazibika.

Siku zikapita, mshindi hajulikani. Kura zikahesabiwa upya. Mwisho, kati ya kura zaidi ya 40,000, Donato akashinda kwa kura 50.

Ndugu wanachama, hamsini. Hao ni watu wanaojaa kwenye lori moja la kahawa wakibanana. Ni watu wa msiba mmoja wa kawaida. Kama jioni ile watu 26 waliomchagua wangemchagua yule mwingine, historia ya miaka 69 ingeendelea kama kawaida. Na hebu mfikirieni yule aliyeandika 1 kwa mtu wake akaona uvivu kuandika 2. Sijui alilala vipi usiku ule. (Samahani, tuseme "hatujui". Mwandishi kajisahau, na wino hauna ufutio.)

Sasa mtatuuliza swali lile lile la hapa kwetu: kiti kimoja kilifanya nini? Serikali ile ilikuwa na viti 54 kati ya 93 katika uchaguzi wa 2015. Imepoteza kimoja, imebaki na vya kutosha kabisa. Haikuanguka. Kwa hesabu ya vidole hakuna kilichobadilika.

Lakini angalieni. Siku chache tu baada ya kura, Troy Grant aliacha uongozi wa chama chake, na unaibu Waziri Mkuu ukaenda kwa mwingine, Ndugu John Barilaro. Mwezi Januari 2017 Waziri Mkuu Baird naye akatangaza kuondoka. Hatusemi aliondolewa na Orange, mtu huwa na mambo yake na ya nyumbani kwake. Hata hivyo kuondoka kwake nako kulileta uchaguzi mdogo katika kiti chake cha Manly mwezi Aprili. Akaingia Waziri Mkuu mpya, mama Gladys Berejiklian. Na tarehe 14 Februari 2017, miezi mitatu tu baada ya kura zile hamsini, serikali yake ikatangaza kwamba halmashauri za mashambani zilizokuwa zimebaki kwenye foleni hazitaunganishwa. Orange, Cabonne na Blayney zikaachwa kila moja mahali pake. Shauri ambalo mahakama zilikuwa zikilivuta, karatasi za kura zililimaliza.

Kwa nini? Sisi tunaona sababu ni hii. Katika uchaguzi mkuu watu wanauliza mambo mengi kwa pamoja: bei, shule, hospitali, nani awe mkubwa. Sauti ya mtu wa Cabonne na barabara yake inapotea humo kama punje ya chumvi kwenye pipa. Lakini katika uchaguzi mdogo serikali haiko hatarini, kila mtu anajua itabaki. Basi mpiga kura anaweza kusema jambo moja tu, kwa sauti, bila kuogopa kwamba atabomoa nyumba nzima. Na wale wengine waliokalia viti vinavyofanana na kile wanasikia. Kila mbunge wa mashambani alirudi nyumbani akajiuliza: je, kwangu ni lini?

Tusije tukawadanganya kwamba Orange wamepata malaika. Chama cha wawindaji kina mambo yake ya bunduki, na si yote tunayoyapenda. Watu wa Orange wenyewe hawakuolewa na chama hicho. Mwaka 2019 walimrudisha Donato kwa kura nyingi, lakini Desemba 2022 Donato akagombana na chama chake akatoka, na mwaka 2023 wakamchagua tena bila chama chochote. Na ajabu ni hii: mwezi huo huo wa Desemba 2022 Andrew Gee, yule aliyejiuzulu mwanzo wa kisa hiki, naye alitoka Nationals kule bunge la nchi. Mwaka 2025 akashinda Calare bila chama. Kumbe wale wapiga kura walikuwa wanatafuta mtu, chama ni kanzu tu.

Haya, sasa turudi ghalani kwetu.

Mnajua wote kwamba bodi imependekeza mzani wa Bondeni ufungwe, na wanachama wa Bondeni wapeleke kahawa yao kwenye mzani wa juu. Sababu iliyotolewa ni gharama: karani mmoja badala ya wawili, mlinzi mmoja badala ya wawili. Hatusemi bodi imekosea hesabu. Tumeziona hesabu, zimeandikwa vizuri. Lakini mama wa Bondeni anayebeba debe kichwani na mtoto mgongoni hakuulizwa kuhusu ule mlima. Wala hakuulizwa mzee ambaye punda wake amekufa. Na mtu ambaye angeuliza kwa niaba yao ndani ya bodi ni yule aliyejiuzulu. Kiti chake kikijazwa kwa kuteuliwa na hao hao wanane, mtu atakayekaa pale atakuwa na deni kwa wanane, si kwa Bondeni. Atapiga makofi, mzani utafungwa, na kwenye muhtasari itaandikwa kwamba mjumbe wa Bondeni alikubali.

Ndiyo maana hatutaki uteuzi, hata wa mwezi mmoja. Na kwenu nyinyi wa Bondeni tuna neno gumu kidogo. Mara ya mwisho mlipoitwa kupiga kura walikuja watu kumi na wanane. Kumi na wanane! Halafu mnalalamika kwamba hamsikilizwi. Msiponuna, tutawaambia ukweli: bodi inaposoma hesabu ya waliohudhuria inajua ni nani wa kumfungia mzani na ni nani wa kumwogopa.

Wagombea nao tunawaomba jambo moja. Msituambie habari ya maendeleo, umoja na mshikamano, hayo tunayajua na tunayapenda. Simameni penye mzani siku ya Alhamisi, siku ya kupima, mseme mbele ya watu: ufungwe au usifungwe? Anayesema ufungwe aseme, tena aeleze mama yule atapandaje mlima. Huenda ana jibu zuri. Labda punda wa chama, labda karani aje Bondeni mara mbili kwa wiki. Tutamsikiliza kwa heshima. Asiyesema lolote ndiye tunayemwogopa.

Na bodi isije ikafanya kama ile serikali ya New South Wales, kukaa kimya miezi mitatu kisha ijumaa kabla ya kura itoe tangazo kwamba mpango wa mzani umeahirishwa. Kama mnaufuta, ufuteni leo. Kama mnauamini, simameni nao mpaka siku ya kura mtueleze.

Tumemwomba mwenyekiti kura zipigwe Jumamosi ijayo kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano, ili watu wawahi shamba. Amekubali. Sanduku litakuwa pale pale Bondeni chini ya mwembe, halitakuwa ofisini. Wazee wasioweza kutembea wataletwa na baiskeli za vijana wa chama, tayari wanne wamejiandikisha. Asiyejua kusoma ataonyeshwa picha za wagombea, naye ataweka dole gumba mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu. Kura zitahesabiwa hapo hapo juu ya meza ya mizani, kwa sauti, na yeyote atakayetaka zihesabiwe mara ya pili atahesabiwa. Njoni na kadi zenu za uanachama. Aliyepoteza kadi amwone karani kabla ya Ijumaa jioni, asingoje asubuhi ya kura aanze kubishana.